Sauti Kutoka Garini

Saa nne asubuhi, Jumamosi, Otsile aliuawa na joka.

"Nifufue, Ken! Niko nyuma ya chombo cha angani!"

"Nani alikutuma ulikimbilie joka na bastola? Kaa hapo kwanza, ujifunze adabu."

Keneilwe alinong'ona. Yeye alikuwa chumbani kwao, Rustenburg, kompyuta mbele yake. Vidole vyake vilikuwa kwenye sayari ya barafu ya mchezo wa mtandaoni, ambako wachezaji hupigana kwa bunduki za miali na uchawi. Yeye na Otsile walipendana humo, kabla hawajaonana uso kwa uso.

Sebuleni, wajomba wa Otsile walikuwa wakijadili mahari. Mila ilimfungia Keneilwe chumbani na kumzuia Otsile kuvuka geti, kwa hiyo Otsile alisubiri garini nje, kompyuta mapajani. Shangazi Mmabatho alikuwa amemnyang'anya Keneilwe simu. Hakujua kwamba ndani ya mchezo watu huongea.

"Wamefika wapi?" Otsile aliuliza.

"Sijui. Wamenyamaza ghafla."

"Tulia, mke wangu. Mjomba Modise akiwekewa nyama hasemi na mtu."

Keneilwe alicheka. Kisha akasikia mlango wa gari ukifunguliwa. Otsile alivua vipokea sauti. Maiki hakuizima.

"Mmemaliza, mjomba?"

"Tumekwama. Shangazi yao anauliza kama una mtoto. Nimwambieje?"



"Sema sina."

"Na yule wa Mahikeng? Juzi tu umemnunulia sare za shule!"

"Nitamwambia Ken mwenyewe, tukishaoana. Leo sema sina. Tafadhali, mjomba."

"Unajua nikidanganya mle ndani, ukoo mzima umedanganya?"

"Tafadhali."

Mlango ulifungwa. Otsile akarudi hewani.

"Ken? Bado tu hujanifufua?"

Alimfufua. Askari wake akainuka kwenye barafu.

"Anaitwa nani?" Keneilwe aliuliza.

"Nani?"

"Mwenye sare."

Joka liliwaunguza wote wawili. Hakuna aliyegusa kitufe. Sauti ya Otsile haikuja tena. Yalikuja maandishi chini ya kioo:

"Anaitwa Lesego. Alizaliwa kabla sijakujua. Niliogopa utaniacha."

Keneilwe akaandika: "Ungeniambia, ningekuuliza anapenda kula nini."

"Basi nisamehe. Sema tu ndiyo, mengine tutayamaliza wenyewe."

Shangazi aliingia bila kubisha hodi.

"Jifunge blanketi kama mila inavyotaka, unaitwa."

"Wamekujibu nini kuhusu mtoto, shangazi?"

"Wamesema hana. Twende."

Sebuleni Keneilwe alipiga magoti kwenye mkeka. Kaka mkubwa wa mama yake, aliyesimamia mazungumzo, alimuuliza swali ambalo kila binti huulizwa siku hiyo:

"Mwanangu, watu hawa unawafahamu?"

Jibu alilofundishwa lilikuwa moja: ninawafahamu. Mjomba Modise alikuwa akitazama viatu vyake.

"Siwafahamu."

"Keneilwe!" shangazi alifoka. "Si ndio uliowaleta wewe?"

"Niliwaleta, shangazi. Lakini mtu wao ana mtoto Mahikeng, anaitwa Lesego, na hapa mmeambiwa hayupo. Waliomkana mtoto wao siwafahamu."

Mjomba Modise alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Binti amesema kweli," alisema. "Mwongo ni mimi, na aliyenituma."

Wageni wakasimama. Geti likafunguliwa. Gari likaondoka.