Sauti Isiyoombwa

Mwanamke akisikia marashi asiyoyanunua yeye kwenye shati la mumewe, hafikirii majini. Anafikiria mwanamke mwenzake, na mara nyingi hakosei. Ndivyo alivyofikiri mke wa Godoro asubuhi ile akifua. Alilinusa shati, akalinusa tena, akalitosa kwenye beseni na kunyamaza. Alikuwa mke wa kunyamaza kwanza na kuuliza baadaye, na hao ndio wa kuogopwa.

Mumewe aliitwa Godoro kwa sababu ya chumba cha uani. Alikigeuza studio, na kwa kukosa vifaa vya kuzuia kelele akapigilia magodoro makuukuu kuta zote, mpaka dirishani. "Godoro, umeamka?" majirani walimtania kila alipotoka humo, macho mekundu. Alicheka nao, lakini roho ilimuuma. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akitengeneza midundo na kuwapelekea waimbaji wenye majina, na jibu lilikuwa lile lile: tuachie, tutakupigia. Hakuna aliyepiga.

Watu wa kazi ile wana desturi moja. Kabla ya kumrekodi mwimbaji, hurekodi kwanza chumba kitupu, ili mashine izijue kelele za chumba na baadaye iziondoe. Wenyewe huita kurekodi ukimya. Mchana mmoja Godoro aliwasha maiki, akafunga mlango, akaenda kula. Chakula kilinoga, akasahau. Aliporudi na kuvaa hedifoni, alikuta ukimya wake una mtu. Mwanamke alikuwa akiimba mdomo umefumbwa, taratibu, karibu kabisa na maiki, kama anayebembeleza mtoto asiye wake.

Mwenye akili zake angetoka mbio. Godoro alirudisha nyuma akasikiliza tena, maana hajawahi kunasa sauti tamu kama ile. Alijiambia ni jirani, ingawa magodoro yale hayakupitisha hata ngurumo. Akaikata sauti, akaiweka mwanzoni mwa mdundo wake mzuri kuliko yote, akamtumia meneja wa mwimbaji mmoja mkubwa. Siku hiyo hiyo simu ikalia.

"Huyo dada anayeanza ni nani?" meneja aliuliza.

"Aa, ni mtu wangu tu."

Mkewe alikuwa akipita na ndoo. Hilo nalo alilisikia, akaliweka pamoja na lile shati.

Mwimbaji aliuchukua mdundo akauimbia, wimbo ukapangwa utoke Ijumaa, na jina la Godoro lingetajwa redioni. Nyumba ilipaswa kuwa na furaha, lakini marashi yalitoka studio yakaingia ukumbini, yakafika mpaka kwenye mto wa binti yao. Alikuwa mtoto wa miaka mitatu, kasuku wa nyumba, asiyenyamaza hata akiwa na tonge mdomoni. Siku moja Godoro alimkuta uani akicheza na vifuniko vya sufuria huku akiimba, mdomo umefumbwa. Ulikuwa wimbo ule ule, ambao yeye hajawahi kuucheza nje ya hedifoni.

"Nani kakufundisha, mama?"

"Anti wa kwenye godoro."

Mkewe aliacha kufagia. "Anti gani huyo, baba watoto?"

"Wewe ndiye uniambie. Unaingia studio nikitoka? Unamchezea mtoto wimbo haujatoka bado?"

"Mimi ninaingia? Haya. Tutajua nani anaingia."

Tangu siku hiyo kila mmoja alimchunga mwenzake. Na wakati wakichungana wao kwa wao, sauti ya mtoto ilikuwa inaisha. Ilianza kukwaruza, ikawa ya kunong'ona, ikafika mahali analia machozi yanatiririka na hakuna kinachosikika. Daktari alimulika koo lake, akasema ni zima. Mama mtu alirudi nyumbani akiwa amembana kifuani, hofu imemjaa, na alipoingia alimlaza kitandani, akamfunika na kwenda kuteka maji.

Kisimani hakukawia. Aliporudi jua lilikuwa la utosi na uani palikuwa kimya, na ndani ya studio mwanamke alikuwa anaimba. Aliitua ndoo polepole. Leo nimewakamata, aliwaza, akanyata hadi mlangoni, akanyoosha mkono kushika kitasa, na mkono mwingine ukamshika bega kutoka nyuma.

Alikuwa Godoro, na mkononi ana mkate aliotoka kuununua.

"Nani yumo ndani?" alinong'ona.

"Si ungeniambia wewe."

"Mimi nilidhani ni wewe."

Walitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu shati lile waliaminiana, na kuaminiana huko kukawatisha kuliko shaka yote iliyotangulia. Godoro alisukuma mlango. Giza la magodoro liliwapokea pamoja na marashi mazito ya kuziba pumzi, na katika giza hilo taa ndogo za mashine zilikuwa zikipanda na kushuka kama zinavyofanya mtu anapoimba, na mbele ya maiki, amesimama juu ya kiti ambacho asingeweza kukipanda peke yake, alikuwa binti yao, macho ameyafumba, kinywa kimeachama wazi kabisa, na sauti ya yule mwanamke mzima ilikuwa ikitoka humo bila ulimi kutikisika, bila kifua kupanda, ikiimba na kuimba, mpaka mama yake alipopiga ukelele na taa zote zikazimika.

Shangazi wa mke aliitwa siku hiyo hiyo. Alikuwa muuza vyombo sokoni, mkali wa bei, ila mambo yakiwazidi watu ndiye waliyemfuata. Alisimama studio, akabonyeza godoro moja, akajifuta vidole kwenye kanga.

"Umechukua sauti ya mwenyewe hukumwomba," alimwambia Godoro. "Na yeye kachukua hakukuomba. Mchuma janga hula na wa kwao. Futa."

Godoro alifuta, huku wakimtazama. Shangazi akasoma aliyoyasoma, na godoro la dirishani likaanguka lenyewe, mwanga ukaingia. Marashi yakakatika.

"Ipo kwingine?"

"Hapana."

"Na kwa yule meneja?" mkewe aliuliza.

"Nitampigia sasa hivi."

Alitoka na simu uani, akazunguka, akaongea na simu isiyo na mtu. Akarudi. "Amekubali. Wameuacha."

Jioni mtoto alisema "maji," kisha "nataka mkate," kisha akaropoka usiku mzima bila kumpa mtu nafasi, na mama yake alilia kwa furaha. Godoro alilia pia. Alikuwa anampenda mwanawe, hilo lisitiliwe shaka. Lakini aliwaza: mtoto amepona, jini limekwenda, meneja nimpigie nimwambie nini? Bahati haibishi hodi mara mbili kwa mtu kama mimi. Akaifuta namba ile ili asishawishike kupiga.

Ijumaa alasiri majirani walifungua redio zao zote. Godoro alikaa kibarazani, binti yake mapajani akimsimulia habari za kuku wa jirani. Mtangazaji alitaja jina la mwimbaji, akalitaja na la Godoro, mtaa mzima ukapiga vigelegele. Mkewe alitoka jikoni na mwiko mkononi, hajaelewa bado.

Wimbo ukaanza. Hakukuwa na mwanamke tena. Ilikuwa sauti ya mtoto, safi, karibu kabisa na maiki:

"Baba, nifungulie. Baba, huku giza."

Godoro alimtazama binti yake. Midomo yake ilikuwa bado inasimulia habari za kuku, haraka haraka, mikono ikionyesha ukubwa wa jogoo. Hakuna kilichosikika.

"Ulimpigia?" mkewe aliuliza polepole. "Baba watoto, ulimpigia?"

Simu ililia kwenye mfuko wa shati la Godoro. Mkewe ndiye aliyeitoa na kuipokea.

"Godoro!" meneja alikuwa anacheka kwa furaha. "Huyo mtoto uliyemwongeza umemtoa wapi? Watu wamechizika. Tunamtaka kwenye nyimbo zote."