Mfumo Mwepesi kwa Mshonaji

Foleni ya fundi kompyuta ilifika hadi kwenye ngazi za jengo, na watu walishaanza kununa. Zamu ya mshonaji mmoja ilipofika, gauni la kijani limemkaa sawasawa, alitua mezani kompyuta nzito kama tofali.

"Hii umerithi kwa bibi?" fundi akamtania.

"Bibi yangu ana mpya. Itengeneze, acha maneno."

Fundi akaitengeneza taratibu makusudi, ili mshonaji arudi tena na tena. Haikuchukua muda wakawa wanaitana mpenzi kwenye simu. Fundi alikuwa na dosari moja tu: hakuweza kuona kitu kinakwenda polepole akakiacha.

Ndipo akaharibu. Alichukua kompyuta ya mpenzi wake kwa kisingizio cha kuifuta vumbi, akatoa diski ya zamani, akaweka nyingine yenye mfumo mwepesi, ule unaozifufua kompyuta kuukuu.

"Iwashe, kipenzi. Inaruka!"

Kweli iliruka. Lakini programu ya kudarizi haikuwemo, na mfumo ule haukuikubali kabisa. Mashine ya kudarizi, inayoongozwa na kompyuta ile, ikakaa kimya. Gauni la bibi harusi lilikuwa mezani, maua yamefika nusu ya kifua, na harusi ni kesho.

"Nani alikutuma?"

"Nilikuonea huruma, mpenzi. Inakuchosha kuingoja iwake."

"Nilikulalamikia? Wakati inawaka mimi napiga pasi! Kazi yangu unaijua wewe?"

"Kumbe asante ya punda ni mateke."

"Punda ni mimi?"

Akamfungia mlango. Fundi akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ikakatwa. Alijikasirikia hadi bisibisi ikamteleza mkononi. Muda wote ule hakuwahi kumuuliza anavyofanya kazi. Mapenzi gani hayo?

Akarudi na diski ya zamani. "Nifungulie niirudishe ilivyokuwa."

Mshonaji akafungua bila kumtazama. Fundi alikaza skrubu, akaiwasha, akakaa. Kompyuta ikaanza kujikokota. Mguu ulimcheza kwa kukosa subira, akalishika goti. Mshonaji akanyoosha pindo lote kwa pasi. Hatimaye programu ikafunguka, sindano ikaanza kugonga.

"Mbona huondoki?"

"Nataka kukuuliza. Nikuoe?"

Mshonaji akakata uzi kwa meno, machozi yakimlenga. "Afadhali leo umeuliza kwanza. Nioe. Ila ukigusa tena kitu changu kimyakimya, utalala na kompyuta zako."