Herufi za Kwanza za Kadi ya Ardalan

Enyi majirani zangu wa Borujerd, na ninyi mnaosoma mkiwa mbali, nawasimulia kisa cha nyumba yetu wenyewe. Simsingizii mtu.

Ilikuwa Jumatano ya vuli. Mama yangu, Mahrokh, alikuwa uani akipukuchua makomamanga, huku chai ikichemka kando yake. Tarishi akabisha hodi na kadi ya kaka yangu Ardalan, mwashi, aliyekuwa mfungwa wa vita kwa mwaka wa pili. Kadi za wafungwa zilikuwa na nafasi ya mistari sita tu, na wakaguzi wa kambi walizisoma kabla ya kuziachia. Mama hajui kusoma, nikamsomea:

Mama, salamu kwako na kwa majirani.
Afya yangu ni njema.
Ndoto zangu zote ni za bustani yetu.
Sina shida ya chakula.
Usilie, jinunulie viatu vya baridi.
Radi na mvua zimeanza huku.

"Alhamdulillahi," alisema Mama. "Lakini Ardalan na habari za radi wapi na wapi?"

Nikaitazama tena. Kabla ya vita, mimi ndiye niliyemfundisha kaka kuficha jina la mchumba wake katika herufi za kwanza za mistari ya shairi. Nikashusha kidole kutoka juu hadi chini. Mansur!

Mansur alikuwa mwana pekee wa jirani yetu, Mashdi Ghanbar. Jeshi lilisema amekufa. Mzee akachimba kaburi lisilo na maiti, na kila Alhamisi alilipelekea halua na tende.

"Nani afiche jina la maiti?" nikapaza sauti. "Mama, yu hai! Yuko naye!"

Mama akaniziba mdomo kwa kiganja chekundu. "Nyamaza, Nozar! Kama kaka yako amelificha, basi hao waliowateka hawataki ijulikane kwamba wanaye. Kesho nitamkuta Mashdi makaburini nimweleze taratibu, nimwapishe. Na wewe niapie."

Nikaapa.

Ndugu msomaji, kiapo changu hakikudumu hata saa tatu. Alasiri nilikwenda mkahawani, tunakoshindana kwa mashairi. Mimi nilijifunza ushairi peke yangu, kwa vitabu vya kuazima, na sikupenda kuguswa. Siku hiyo Ebad, mwenye mkahawa, akanigusa.

"Haya, mshairi mkubwa!" alisema. "Mashairi yako yamewahi kumfaa nani? Mbuzi wangu alikula moja akalitema!"

Watu wakavunjika mbavu. Damu ikanichemka.

"Yamemfaa Ardalan!" nikasimama. Nikamwaga yote: kadi, mistari, herufi, jina. Kicheko kikakatika, yakaja makofi. Ebad mwenyewe akaniletea chai ya bure.

Kwenye kona, bilauri ikaanguka ikavunjika. Mashdi Ghanbar alinijia akanishika mashavu kwa mikono miwili.

"Mwanangu, rudia. Rudia hilo jina."

Nikalirudia, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Hapo ndipo nilipopaswa kumnong'oneza, "Mashdi, ishike siri hii." Sikumnong'oneza. Nilikuwa nikiinama kupokea makofi.

Kesho yake Mashdi hakwenda makaburini. Alikwenda kwa mwandishi wa barua anayekaa nje ya posta. Mama alimngoja penye kaburi tupu hadi adhuhuri, kisha akamkuta njiani anacheka peke yake.

"Umetoka wapi, Mashdi?"

"Posta, dada yangu! Nimemwandikia Ardalan, nimemshukuru kwa kunijulisha. Nimesema amwambie Mansur wangu kwamba mama yake ameshavua nguo nyeusi!"

Mama alikimbia hadi posta, baibui likimburuzika nyuma. Gunia la barua lilikuwa limeshaondoka na gari la Tehran.

Hatukupata kadi nyingine. Kwa miaka miwili na nusu Mama alisikiliza hatua za tarishi zikipita mlangoni. Hakunigombeza. Aliniwekea chakula, akageukia ukutani.

Vita vilipokwisha Ardalan alirudi, mwembamba, vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki. Alinieleza mimi peke yangu. Barua ya Mashdi ilisomwa mbele ya wafungwa wote. Mansur aliondolewa siku ile ile, na hakuonekana tena.

Jioni Mashdi akaja, anajikokota. "Ardalan, baba, ile barua yangu... niliandika vibaya?"

Kaka akanitazama mimi, kisha mzee.

"Hapana, Mashdi. Haikufika."

Mzee alishusha pumzi. Nilikuwa nimesimama na sinia ya chai, mimi mwenye maneno kuliko wote mjini, nikainama kumwekea bilauri yake.

Mashdi alifariki majira ya baridi yaliyopita. Ndiyo maana leo nathubutu kuandika.

Funzo

Vijana wenzangu mnaopenda kusifiwa, nisikieni. Siri uliyokabidhiwa si mali yako, hata kama ufunguo wake uliuchonga wewe. Kaka yangu aliificha mbele ya macho ya adui, na adui hakuiona. Nimeifichua mimi, ndugu yake, kwa sababu ya mbuzi wa Ebad. Na msimlaumu baba aliyeshindwa kuizuia furaha yake. Mwenye lawama ni aliyempa furaha ile bila kumpa onyo. Makofi yale yalichukua muda wa kunywa bilauri moja ya chai. Mama yake Mansur amevaa tena nguo nyeusi, tangu Ardalan aliporudi peke yake.