Anwani ya Mama Pacha

Haya alinisimulia mjukuu wangu Jumapili iliyopita, tumemaliza kufua, miguu yake kailaza mapajani mwangu. Naandika alivyosema, na alichotaka kunificha pia, maana nimemlea mwenyewe.

Yeye ni afisa wa ustawi wa jamii. Yeye na askari polisi mmoja, ambaye sasa ni mpenzi wake, walikutana kwenye msongamano wa mapokezi ya hospitali. Siku hiyo mjukuu wangu alivaa gauni la kijani, kakumbatia mafaili mpaka kidevuni, kamba ya kiatu imekatika.

"Dada, unayabeba au yanakubeba?"

"Badala ya kuchekacheka si upokee, Afande!"

Akapokea. Kumbe ndiye aliyepangiwa kwenda naye kwenye nyumba zenye vurugu, ustawi na polisi pamoja. Miezi minne walikwenda hivyo, na mioyo ikafuatana nyuma.

Jumatano moja mjukuu wangu akampigia simu. "Mpenzi, nimechoka hoi. Mama Pacha nimemficha kwa fundi cherehani, juu ya duka la viatu. Angalau leo mumewe hatampiga."

"Pole, malkia wangu. Kapumzike."

Alipokata simu, askari akaiandika anwani kwenye kitabu cha zamu, kama alivyozoeshwa. Kitabu hukaa kaunta, na mwenzake wa kaunta alikuwa rafiki wa yule mume.

Alhamisi saa tano asubuhi fundi akapiga simu akinong'ona: "Mwanangu, mume yuko mlangoni. Ana nondo. Nimeegemeza cherehani, lakini bawaba zinalegea!"

Mjukuu wangu alikimbia. Chini ya ngazi akasikia nondo ikigonga mbao na mapacha wakilia. Akampigia askari.

"Aliyejua hapa ni mimi na wewe tu!"

Askari akakiri, "Niliandika kitabuni."

"Nilimwambia mpenzi wangu! Sikumwambia askari!"

Hakungoja jibu. Akapanda, akajipenyeza kati ya mume na mlango, akasimama mgongo mlangoni.

"Toka, dada. Huyo ni mke wangu."

"Itabidi uanze na mimi, Baba Pacha."

Nondo ikainuka. Mjukuu wangu hakutoka.

"Anwani imetoka kwangu." Sauti ilitokea nyuma, ya mtu aliyefika bila kupiga king'ora. "Mimi ndiye wa kuulizwa."

Mume akageuka. Ikatosha hiyo. Askari akamdaka mkono, nondo ikabingirika ngazini ikilia ngazi kwa ngazi.

Mume alipokwisha kufungwa pingu, mjukuu wangu alisema bila kumtazama, "Namhamisha tena. Safari hii hutajua."

"Sitaki kujua," akajibu. "Mpeleke. Mimi naenda kwa mkuu kusema kosa ni langu, na aliyeitoa anwani kitabuni ni nani."

Walikohamia hata mimi bibi yake sikuambiwa. Nimeambiwa tu kulikuwa na chumba chenye pazia la bluu, na kwamba alasiri simu iliita.

"Siulizi uko wapi. Nauliza umekula?"

Akalia, ndipo akacheka. "Mkuu kasemaje?"

"Nimeondolewa cheo. Yule wa kaunta kawekwa ndani. Mpenzi, nimekukosea."

"Umenikosea sana. Kuanzia leo nikikwambia jambo, uniulize kwanza: unamwambia nani?"

"Nitauliza. Nije kumwona bibi, nimwombe mkono wako?"

"Njoo. Ila uje na kauli ya kueleweka, bibi hadanganyiki."

Mama Pacha alikuwa keshalala, mapacha wamembana huku na huku. Mjukuu wangu akavua viatu, akajinyoosha mkekani kando ya mlango, simu sikioni.

"Upo?" askari akauliza.

"Nipo," alisema, na usingizi ukamchukua.