Rokada Komando Lavutwa Kitonga

"Kilo arobaini za gasketi ziko njiani. Zisipande ndege."

Sauti ya redioni ilikuwa ya Bhavna. Mbeya mjini wanamjua kama mama wa duka la spea, lile duka ambalo ukiulizia bearing unaambiwa njoo kesho, na kesho unaambiwa njoo kesho. Hawajui kwamba stoo yake ya nyuma haina spea. Ina redio tatu, mafaili, na bastola ndani ya boksi la fani belti.

Mbuke, mpelelezi wake, alikanyaga mafuta.

Hilux yake ya mwaka tisini na nane ikaguna, ikakohoa moshi kidogo wa heshima, ikaondoka. Mafinga ikabaki nyuma.

Gasketi maana yake dhahabu. Imetoka machimbo ya Makongolosi bila kupimwa wala kuandikwa, inakwenda kuvuka mpaka na mgeni mmoja anayejiita Viktor. Lakini kuna jambo Bhavna hakulisema, maana wote wawili walilijua. Kwenye trela lililobeba ile dhahabu alikuwemo Nashoni.

Nashoni ndiye mchimbaji aliyewapa taarifa. Mbuke ndiye aliyemwahidi hatapatwa na kitu. Alimwahidi usoni, kwa Kisukuma, lugha ambayo Mbuke hajaizoeza kusema uongo. Juzi Nashoni akapotea. Leo alfajiri mlinzi wa yadi moja ya Soweto, hapo Mbeya, akaona mtu anapakiwa kwenye trela, kamba mikononi.

"Ndege saa ngapi?"

"Saa kumi. Shamba la nyanya, mbele ya Ilula, karibu na Kitonga. Viktor akipanda, shahidi hamwachi hai."

"Vijana wetu wako wapi?"

"Chini ya mlima Kitonga. Tuliambiwa watashuka kwenda Dar. Mpaka vijana wapande, na malori yale, ndege itakuwa imesharuka."

Mbuke akaangalia Casio yake. Saa nane kasoro.

"Kwa hiyo tuko nani na nani?"

"Wewe na gari," akasema Bhavna, akakata.

Dereva wa Viktor alikuwa Clement. Huyu Clement ukimtoa gari habaki mtu. Ana pickup, Rokada Komando jipya, jeusi, viti vya ngozi, skrini kubwa kuliko televisheni ya mama yake. Hendibreki ya kubonyeza. Taa za ndani zinabadilika rangi, sijui ili dereva aone nini.

Mbuke alimjua vizuri kupitia grupu la WhatsApp la wenye pickup wa Nyanda za Juu. Mle ndani yeye ni Mama Kulwa, muuza mchele wa Usangu. Miezi sita amesoma mambo ya wanaume na magari yao. Fred wa Tukuyu, ambaye klachi yake haijabadilishwa tangu anunue, anavyosema yeye. Saulo, aliyewahi kuivuta Fuso kwenye tope la Igurusi, na kila akisimulia ile Fuso inaongezewa magunia. Na Clement, ambaye kila Jumapili anawaambia wenzake kwamba wanaendesha mikebe ya maziwa.

Grupu lina sheria mbili tu. Mwenzako akikwama, aliye karibu anakwenda. Na anayevutwa anapigwa picha, inatupwa grupuni. Sheria ya pili imewafanya watu wazima walale porini kuliko kuita msaada.

Alipopita njia panda ya Ipogolo, simu ikalia kwenye kishikio.

Clement. "Wakuu, nani yuko karibu na Ilula? Komando limechemsha kidogo."

Mbuke akacheka peke yake. Hakuna jasusi aliyelitia mchanga. Hakuna aliyelikata waya. Limepewa mlima na trela, likaonyesha tabia.

Grupu likamwangukia. Saulo akauliza limebeba nini. Clement akajibu mashine moja tu ya kusaga, akaweka na picha. Fred akaangalia picha, akasema mashine ya kusaga hailazi springi namna hiyo, labda wanasaga mawe. Mwingine akauliza kama viti vya ngozi navyo vimechemsha.

Mama Kulwa akaandika: "Mimi niko jirani baba. Nakuja."

Aliwakuta pembeni ya lami, majani ya miti yametandazwa barabarani kuonya magari. Boneti juu, maji ya kijani yanatiririka. Viktor amesimama na suti, anaangalia saa.

Clement aliiangalia Hilux kama mtu aliyeletewa ugali wa jana.

"Hii itaweza, mama?"

"Haijui kama haiwezi. Acha trela hapa, nivute gari tupu."

"Hapana," akasema Clement, haraka mno. "Trela tunakwenda nalo."

Ndiyo hapo Mbuke alipopata uhakika. Akachukua spana, akapita nyuma kama anakagua matairi, akagonga ubavu wa trela mara mbili.

Akatega sikio.

Halafu ndani kisigino kikagonga. Mara mbili, kwa unyonge.

Viktor akageuka. Mkono ukaingia chini ya koti.

"Mashine yenu imelegea bolti," akasema Mbuke. "Mtaifikisha vipande."

Angewamaliza palepale? Ya Clement ilikuwa imetuna kiunoni; bastola mbili kwa moja yake, na Nashoni katikati. Akashusha chuma cha kuvutia gari. Kimetengenezwa na Ambokile, fundi wa Ilomba, na kina kufuli ndani ya bomba. Kikishafunga hakifunguki bila ufunguo, na ufunguo ulikuwa kwenye shanga za Mbuke shingoni. Clement alikuwa bado anaomba picha isipigwe. Mbuke akamwambia apande, amwelekeze njia kwa simu.

Kwanza redioni akamwambia Bhavna vijana wasipande, wasubiri chini. Gia namba moja. Hilux ikainama, ikalalamika kama bibi anayeinuka kwenye kigoda, ikavuta. Komando, trela, dhahabu na wajinga wawili vikafuata.

Ilula ikapita. Meza za nyanya zikapita.

"Mbele hapo, kushoto, kwenye kibao cha shamba," akasema Clement kwenye spika.

Kibao kikaja.

Kibao kikapita.

"Mama, umepitiliza."

"Nimekiona."

Kwenye kioo Mbuke akamwona Viktor akichomoa bastola, akilenga kisogo chake.

"Clement. Mwambie mgeni wako aangalie mbele kwanza."

Mbele barabara ilikuwa inainama. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili hewa tupu, na malori huko chini yamekuwa madogo kama punje za mahindi. Kitonga.

"Kanyaga breki yako," akasema Mbuke.

Alimsikia akikanyaga. Alimsikia akiguna.

"Ngumu, eti? Injini ikishakufa hiyo breki ni pambo. Jaribu hendibreki ya kubonyeza."

"Haishiki. Skrini imezima."

"Basi breki zenu ninazo mimi huku mbele. Za mwaka tisini na nane. Akinipiga risasi tunashuka wote, ila mzigo wenu mzito, nyie mtatangulia."

Clement akatafsiri. Hajawahi kutafsiri kitu haraka hivyo maishani mwake.

Mbuke akaweka gia namba mbili. Trela likayumba. Harufu ya breki ikaingia dirishani. Kona ya kwanza. Mguu wake ukalalamika juu ya pedali, naye akaukaripia.

"Bastola zitoke nje. Zote mbili."

Kona ya pili.

"Clement, mguu wangu umechoka. Niuinue?"

Mlango ukafunguka kidogo. Kitu kikaruka korongoni. Halafu cha pili.

"Ahsanteni. Sasa kaeni vizuri kwenye viti vyenu vya ngozi."

Chini, vijana walikuwa wamefunga barabara kwa Land Cruiser mbili. Hawakufyatua hata risasi moja. Viktor alishuka mikono juu, suti imelowa mgongoni. Dhahabu ilikutwa ndani ya mashine ya kusaga, pale panapotiwa mahindi.

Mbuke hakuitazama. Alipanda kwenye trela, akavuta turubai, akakata kamba. Nashoni alikuwa na midomo iliyopasuka na macho mekundu, lakini alikuwa anapumua. Akanywa maji chupa nzima kabla ya kusema.

"Umechelewa."

"Nilikuwa navuta mzigo."

Akamwegemeza begani mpaka kwenye Hilux, akamkalisha mbele. Kisha akarudi, akafungua kufuli la Ambokile, akatoa simu. Akalipiga picha Komando: boneti juu, trela nyuma, kichwa cha Clement dirishani.

Clement alikuwa tayari na pingu. Kesi ya dhahabu, ya kuteka mtu, miaka sijui mingapi inamsubiri. Akainua uso.

"Dada, nakuomba. Picha usiitume grupuni."

Mbuke akamwangalia. Akaituma.

Redio ikakwaruza. "Hali ya gari?" akauliza Bhavna.

Mbuke akafungua boneti ya Hilux, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwenye kanga, akakitumbukiza, akakisoma.

"Oili iko palepale," akasema, akafunga boneti, akageuza Hilux kuelekea mlimani.