Yule wa Tanga

Gari la moshi lilipoingia Dodoma, stesheni ilijaa watu kama mnada wa ng'ombe. Gideoni alishuka na sanduku la Profesa Lindner begani, kanzu yake nyeupe pe, na kabla hajakanyaga changarawe sawasawa akamkumba binti mwenye kibuyu cha maziwa.

"Macho umeyasahau ndani ya gari?"

Binti alijifunga kaniki, ushanga mwekundu shingoni. Maziwa yalikuwa yanachuruzika kwenye kanzu.

"Nisamehe, dada. Naitwa Gideoni, mtu wa Tanga."

"Gi-de-o-ni!" Akalionja jina kama asali. "Refu kama reli! Mimi Anyesi, wa Mkonze. Haya, Gideoni, leo umebatizwa kwa maziwa."

Tangu hapo jina lile halikumtoka kinywani. Aliliita kisimani, aliliita sokoni, alilipaza kwa mbali ili tu amwone akigeuka.

Profesa alikuwa mpole, mwalimu wa chuo kikuu kwao Ujerumani. Maisha yake yote alikuwa akiliwaza swali moja: je, mtu aweza kukiweka moyoni kitu asichokitamka? Yeye alisema haiwezekani. Neno ndilo mlango wa akili. Alikuja Ugogo kuwauliza watu kwa ajili ya kitabu chake, na Gideoni ndiye mkalimani wake. Kijana akayashika mafundisho yale kama katekisimu.

Msimu wa mavuno Gideoni akamtuma mzee Bartolomayo wa kanisani apeleke mbuzi wa posa kwa Matonya, baba yake Anyesi. Mbuzi wakapokewa. Gideoni akalala akitabasamu.

Lakini kuanzia siku ile Anyesi hakumwita tena. Alimpitia sokoni akiinamisha macho. Akiulizwa na wenzake, alijibu tu, "Yule wa Tanga."

Asubuhi moja Profesa alimkaribisha Anyesi barazani, akawa anaonyesha vitu ili avitaje. Kibuyu. Mkuki. Mwamba kule mlimani. Mwishowe, kwa utani wa kizee, akamwonyesha Gideoni.

"Na huyu?"

Anyesi akazungusha ushanga wake.

"Mtaje tu," Gideoni alisema. "Jina unalijua."

"Siwezi."

Profesa akatikisa kichwa taratibu. "Basi hayumo moyoni."

Lilikuwa neno la mtu wa vitabu, hakukusudia kuumiza. Gideoni lilimchoma. Kwa muda mrefu Profesa alikuwa akimwomba waende pamoja Ulaya akafundishe Kiswahili chuoni, naye alikataa kwa ajili ya Mkonze. Jioni ile akakubali.

Siku ya safari alikuwa keshapanda behewani aliposikia mtu akipiga kelele, "We! We wa Tanga!"

Anyesi alikuwa anakimbia, miguu imejaa vumbi jekundu. "Sokoni wanasema unakwenda Ulaya. Na mbuzi wa posa je?"

"Baba yako awale. Mimi humo moyoni mwako simo."

"Nani kasema?"

"Jina langu umelitupa, Anyesi! Zamani uliliimba, leo hulitaki."

Anyesi akamtazama kama mtu anayemtazama mtoto mgonjwa. "Zamani ulikuwa mpita njia. Kwetu mpita njia anaitwa kwa jina. Mume hatajwi. Tangu mbuzi walipoingia zizini nimeufunga mdomo wangu, na kila nikiufunga, nakuwaza. Hukumwuliza Bartolomayo?"

"Sikumwuliza mtu," Gideoni akasema polepole. "Nilidhani najua."

"Haya basi, na mimi nilidhani unajua."

Filimbi ikalia. Gideoni akaruka chini na kifurushi chake. Profesa akachungulia dirishani, kofia mkononi.

"Amesema nini?"

Mkalimani akatafsiri: "Amesema nimo, Bwana. Nimo sana, ndiyo maana hanitaji."

Gari likaanza kujivuta. Mzee akacheka peke yake, kama aliyepewa zawadi. "Basi kitabu changu kingoje!" akapaza sauti. "Kaa na mkeo!"

Moshi ukatawanyika. Wakashika njia ya Mkonze, bega kwa bega.

"Sasa maisha yote utaniita 'we'?" Gideoni akamchokoza.

"Mvivu wa kungoja wewe." Anyesi akamtwalia kifurushi chake, akaona haya, akatazama kando. "Mtoto wetu akizaliwa, nitakuita kwa jina lake. Kutwa nzima. Mpaka uchoke kuitika."