Uzi wa Kijani kwenye Tundu la Ghala

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ferista alifagia uwanja. Alianzia mlangoni, akapita chini ya vichanja vya kahawa, akamalizia njiani. Mama yake, Teresia, hakutaka kuona hata jani moja. "Mgeni akikuta uchafu atasema nini?" ndivyo alivyouliza siku zote. Huko kwetu karibu na Nanyala kila mama huuliza hivyo, wala si vibaya. Lakini sikilizeni, wanangu, jinsi usafi ulivyokaribia kumpeleka mtu gerezani.

Ilikuwa miaka ya Mwingereza, msimu wa baridi, watu wanachuma kahawa. Siku hiyo Ferista alikuwa bado ameshika ufagio aliposikia yowe kwa jirani.

"Nimekwisha! Jamani, nimekwisha!"

Aliyelia ni Bibi Anastazia, mjane aliyeshona sare za shule na kanzu za kwaya. Usiku mtu alitoboa ukuta wa ghala lake, akavunja fito, akachukua cherehani. Bila cherehani ile Bibi hakuwa na njia nyingine ya kupata chumvi wala sabuni.

Watoto walifika kwanza. Ferista na rafiki yake Marta wakachutama mbele ya tundu. Kwenye ncha ya ufito uliovunjika kulining'inia uzi wa sufu, kijani kilichosokotwa na cheusi. Ferista alikuwa akidarizi jani shuleni, na uzi wa kijani ulikuwa umemwishia. Akaunyofoa.

"We! Umechukua nini?" Marta akauliza.

"Kiuzi tu. Si kingetupwa?"

Punde wakaja akina mama wa kanisani na mifagio. Kwetu mtu akipata hasara, majirani humsafishia nyumba, ili wanaokuja kutoa pole wakute pazuri. Ferista alipewa upande wa ghala. Aliziona alama za viatu, viatu vyenye kisigino, zimezama kwenye vumbi. Akafagia. Mama Teresia mwenyewe akakanda udongo, akaziba tundu, akapaka juu yake udongo mweupe. Jua lilipopanda, ghala lilikuwa kama jipya. Wote waliridhika kwamba wamemsaidia Bibi.

Shuleni siku hiyo Ferista alilimaliza jani lake. Mwalimu Jenista akalisifu, akakitundika kitambaa ukutani.

Kesho yake tarishi aliyetumwa na Mwene, mtawala wetu wa Kinyiha, alirudi kutoka Mbeya pamoja na polisi, Koplo Anyelwisye. Koplo alisimama mbele ya ghala, akavua kofia.

"Tundu liko wapi?"

"Tumeziba, afande," akasema Mama Teresia.

"Na nyayo?"

"Tumefagia. Wageni wangekuja..."

Koplo alishika kichwa. "Mama, umemfagilia mwizi! Hata mimi nisingemfichia vizuri hivi."

Wengine walicheka kidogo, lakini Koplo hakucheka. Aliuliza ni nani aliyeujua ukuta ule. Watu wakatazamana. Mwezi uliopita ulikuwa umekandikwa na Timotheo, kaka yake Ferista. Yeye ndiye aliyejua mahali ulipo mwembamba. Tena suruali yake ilikuwa na madoa ya udongo ule ule mweupe.

"Nilifanya kazi pale, afande! Mchana kweupe, Bibi ananiona!" Timotheo akalia.

"Utayasema hayo Mbeya."

Koplo akageuka, akauliza mara ya mwisho: "Hakuna aliyeona kitu? Hata kitambaa, hata unywele? Anayepita tundu jembamba huacha kitu."

Ferista alimvuta Marta nyuma ya mgomba.

"Ule uzi, Marta."

"Nyamaza! Ukisema watakufunga wewe. Ulichukua kitu cha mwizi!"

"Sikujua."

"Watakuuliza mbona hukusema jana. Utajibu nini, mdarizi?"

Kupitia majani ya mgomba Ferista alimwona Timotheo akitangulia kuelekea barabarani, mikono imefungwa kamba, na mama akimfuata bila hata kujifunga kanga vizuri. Lori la kwenda Mbeya likishamchukua, basi. Hapo ndipo mtoto yule alipoinuka akakimbia, si kuelekea barabarani, bali shuleni.

"Mwalimu, naomba kitambaa changu!"

"Kuna nini? Unahema hivyo..."

"Watamchukua kaka, mwalimu!"

Mwalimu Jenista alikitungua bila swali lingine.

Barabarani watu walikuwa wengi. Koplo na Timotheo walingoja lori la kwenda Mbeya. Upande wa pili alingoja Watson, kijana mfanyabiashara, na matenga yake ya kuku ya kupeleka Tunduma. Kwa mbali vumbi la lori lilikuwa tayari linaonekana. Ferista alipenya katikati ya watu.

"Afande, nilikuta uzi kwenye tundu. Nikaushonea jani. Na viatu... kulikuwa na alama za viatu, nikazifagia. Kaka hana viatu!"

"Ferista!" mama yake akamaka.

Koplo alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana. "Alama umezifagia, siwezi kuziona tena. Uzi ninauona, lakini nitajuaje kama ulitoka kwenye tundu na si kwenye kikapu cha mama yako?"

Mshindo wa lori ulikuwa unakaribia.

"Mimi nilimwona!" Ni Marta, amefika mbio, machozi yanamtiririka. "Uling'ang'ania kwenye ufito. Aliunyofoa, nikamwona. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

Koplo akakichukua kitambaa, kwa ncha ya kisu akautoa uzi polepole, akaunyanyua kwenye mwanga. "Sufu. Kijani na cheusi pamoja. Nani ana sweta la namna hii?"

Bibi Anastazia, aliyekuwa amekuja kumwombea Timotheo, akausogelea uzi, akakunja macho. Kazi yake ilikuwa nyuzi. Halafu akageuka taratibu kuelekea upande wa pili wa barabara.

"Watson, mwanangu. Juzi ulikuja nikutilie kiraka, ukiwa na sweta lako la kijani. Leo baridi hii umevaa shati tu. Sweta liko wapi?"

"Nimelifua, Bibi."

"Kwa baridi hii? Litakauka Krismasi!" mtu mmoja akasema.

Lori la Mbeya lilisimama, likapiga honi. Hakuna aliyepanda. Koplo alivuka barabara, akainua tenga moja la kuku, likainuka kirahisi. Akainua la pili, halikuinuka.

"Kuku wako wanakula mawe?"

Watson alitimka. Viatu vyake vya visigino viliteleza kwenye changarawe, na vijana wakamdaka kabla hajafika mtaroni. Chini ya nyasi za tenga kulikuwa na cherehani, imeviringishwa ndani ya sweta la kijani ili isigonge. Kiwiko cha sweta kilikuwa kimechanika, na kwenye sufu yake kulikuwa na udongo mweupe wa ghala.

Timotheo alifunguliwa kamba. Alisugua mikono, akamtazama dada yake, akasema, "Jani lako limeharibika," ndipo wote wawili wakaanza kulia.

Koplo hakuondoka kabla ya kuwakusanya watu. "Leo Mungu amesaidia," alisema. "Lakini kama ningezikuta nyayo na tundu vile vilivyoachwa, kijana huyu asingefungwa hata dakika moja. Msiguse, msifagie, msiokote. Ukiona kitu, simama hapo, mwite mkubwa. Na mtoto akija kusema, mkubwa asimkaripie kwanza."

Mama Teresia aliinamisha kichwa, maana maneno hayo yalimhusu yeye kabla ya wengine.

Mwaka uliofuata mtu alivunja zizi la mbuzi la Mzee Mbonile. Wageni waliokwenda kutoa pole walikuta kinyesi, majani na miti iliyovunjika, vyote vimeachwa palepale. Karibu na mlango wa zizi kulikuwa na ungo uliofudikizwa chini, na kando yake amekaa Mama Teresia, ufagio ameulaza mapajani.

"Mama Timotheo, mbona hamfagii?" mgeni mmoja akamuuliza.

"Chini ya ungo huu kuna unyayo," alijibu. "Mimi nilifagia siku moja nusura nimpoteze mwanangu. Kaeni upande ule. Uchafu huu tutausafisha polisi wakishautazama."